Rejeta ya Nyumbani Isimuunguze Mtoto: Mwongozo kwa Familia Zinazoishi Nchi za Baridi

Mwezi wa kumi ukiingia, majengo ya New York, Chicago, London na Brussels huanza kupasha vyumba joto. Kwa mtu aliyekulia Mwanza, Bukavu au Mombasa, rejeta ya ukutani ni kitu kigeni: chuma kimekaa chini ya dirisha, hakina moto, hakina moshi, wala hakibadiliki rangi. Jiko la mkaa linajitangaza lenyewe, na mtoto wa miaka miwili kule nyumbani huwa ameshalijua. Rejeta haijitangazi. Saa nne usiku unaweza kuiegemea bila shida, na saa kumi na moja alfajiri chuma hicho hicho kikamtoa mtoto ngozi ya kiganja.

Ndiyo maana mwongozo huu hautegemei kumkanya mtoto. Mkanye, ndiyo, lakini mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kilicho karibu ili asianguke, na akishashika hajui kuachia haraka. Mzee mwenye kisukari anaweza asisikie kabisa kwamba mguu unaungua. Watu hawa huwalindi kwa maneno. Unawalinda kwa kupunguza joto, kwa kuweka umbali, na kwa kizuizi kinachokaa mahali pake hata wewe ukiwa umelala au uko kazini.

Hatua ya kwanza: jua rejeta yako ni ya aina gani

Kuna aina mbili kubwa, na hatari zake hazilingani.

Ya kwanza ni ya mvuke. Imejaa kwenye majengo ya zamani ya New York na miji mingine ya kaskazini-mashariki ya Marekani. Ni chuma kizito cha safu safu, mara nyingi kina bomba moja tu linaloingilia chini, karibu na sakafu. Upande wa pili, kama katikati ya kimo chake, kuna kidude kidogo cha chuma king'aacho: hicho ni kipumulio. Joto likianza kupanda utakisikia kinatoa sauti ya "ssss" hewa ikitoka, kisha kinanyamaza mvuke unapokifikia. Maji hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, kwa hiyo uso wa rejeta hiyo hukaribia joto la maji yanayochemka. Mifumo mingi ya aina hii ilijengwa baada ya janga la mafua la 1918, wakati wataalamu wa afya waliposisitiza watu wafungue madirisha hata wakati wa baridi. Boila (mtambo wa jengo unaochemsha maji) na rejeta zikafanywa kubwa ili zipashe chumba chenye dirisha wazi. Leo madirisha yanafungwa, na nguvu ile bado ipo.

Ya pili ni ya maji ya moto, iliyoenea Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya. Mara nyingi ni bapa, ina mabomba mawili madogo chini, na kwenye kona kuna kishikio cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5. Maji yake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 60 na 80. Hiyo ni chini ya mvuke, lakini usilegee. Kwenye maji ya nyuzi 60, ngozi ya mtu mzima huumia vibaya kwa sekunde tano hivi. Kwenye nyuzi 70, ni kama sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi, na huungua upesi zaidi.

Kama hujui uliyonayo ni ipi, muulize msimamizi wa jengo. Ukisikia sauti ya hewa kutoka kwenye kipumulio, basi ni ya mvuke.

Hatua ya pili: pima joto, na upime wakati unaofaa

Usipime kwa kiganja. Nunua kipimajoto cha kulenga kwa mbali, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifai, kwa sababu hakifiki nyuzi hizo. Kwenye chuma kinachong'aa kipimajoto cha kulenga hudanganya, kikasoma chini kuliko ukweli. Bandika kipande cha utepe wa karatasi rejeta ikiwa baridi, kisha ulenge utepe huo ikishapata moto.

Pima alfajiri. Katika jiji la New York, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, mwenye nyumba anatakiwa na sheria kuhakikisha ndani ya nyumba pana angalau nyuzi 68 za Fahrenheit (kama 20 za Sentigredi) kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, ikiwa nje baridi imeshuka chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit (kama 13 za Sentigredi). Usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili, ni angalau 62 za Fahrenheit (kama 17 za Sentigredi). Boila nyingi basi huanza kusukuma joto kwa nguvu kabla ya kupambazuka. Saa hizo mama amelala, na mtoto aliyejiviringisha hadi ukingo wa godoro anakutana na chuma kilichokuwa baridi wakati anawekwa kitandani.

Kwa kipimo cha kujilinganishia: kwenye hospitali na nyumba za kutunzia wazee za Uingereza, mahali penye watu wasioweza kujiondoa wenyewe, uso wa rejeta ambao mtu anaweza kuugusa hautakiwi kuzidi nyuzi 43. Ukiona 60, 75 au 90 kwenye chumba anacholala mwanao, hapo pana kazi ya kufanya.

Hatua ya tatu: hamisha kitanda leo

Hili halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu, nami naliona ni muhimu kuliko yote yanayofuata. Ondoa kitanda, godoro, kochi na kiti cha mzee karibu na rejeta. Acha angalau mita moja.

Familia nyingi zikifika huanza maisha kwa magodoro ya chini, watoto watatu wamelala pamoja, na ukuta wa joto ndio unaoonekana mzuri. Tafadhali, usiwalaze hapo. Mtoto mchanga anaweza kubanwa kati ya godoro na rejeta akashindwa kujitoa. Hata mkubwa aliyelala fofofo huweza kuegemeza mkono au shavu kwa muda mrefu kabla ya kuamka. Chumba kikiwa kidogo kiasi kwamba mita moja haipatikani, geuza kitanda ili upande wenye ubao mrefu ndio utazame rejeta, kisha ufanye hatua ya tano kabla ya usiku wa kwanza wa baridi.

Ondoa pia vitu vinavyomwita mtoto: midoli iliyopangwa juu ya rejeta, simu inayochajiwa kwenye kizingiti cha dirisha, kigoda cha kupandia. Na nguo. Kukausha kanga na soksi juu ya rejeta ni tabia ya kila nyumba, lakini mtoto akiuvuta upindo uliokaribia sakafu, mkono wake unafuata hadi kwenye chuma. Tumia kiango cha kuanikia, kiweke mbali kidogo na rejeta, na ufungue dirisha kidogo unyevu utoke.

Hatua ya nne: punguza joto kwenye chanzo

Hapa aina ya rejeta ndiyo inayoamua.

Kama ni ya maji na una boila yako, ipo sehemu mbili za kurekebisha, na watu huzichanganya. Themostati ya ukutani inaamua chumba kiwe na joto gani. Kwenye boila yenyewe kuna mpangilio mwingine unaoamua maji yanayokwenda kwenye rejeta yawe na nyuzi ngapi, na huo ndio unaohusu kuungua. Ushushe hadi 60 au hata 55. Nyumba itachukua muda zaidi kupata joto, na kwa boila za kisasa gesi inayotumika hupungua. Kama una tangi la maji ya kuogea, joto la tangi hilo liachwe kwenye 60, kwa sababu chini ya hapo bakteria wa legionela, wanaoambukiza mapafu, huweza kukua. Kwenye rejeta moja moja, zungusha kile kishikio hadi 2 au 3 chumbani kwa mtoto. Kumbuka tu kwamba namba hizo hudhibiti joto la chumba. Rejeta iliyowekwa kwenye 2 bado huweza kuwa ya moto sana kwa dakika kadhaa inapoanza kufanya kazi.

Kama ni ya mvuke yenye bomba moja, usijaribu kuifungua nusu. Vali yake (kifungulio kilicho kwenye bomba) ina hali mbili tu, wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha katikati, maji yanakwama ndani, mabomba yanagonga kama yanavunjwa, na kipumulio kinaanza kutema maji ya moto. Ikiwa chumba kinapata joto la kutosha kutoka vyumba vingine, omba vali ya chumba cha watoto ifungwe kabisa wakati rejeta iko baridi. Ipo pia vali ya themostati inayofungwa kati ya rejeta na kipumulio chake. Inazuia hewa isitoke, basi mvuke hauingii wote. Hiyo ni kazi ya fundi bomba, usiifanye wewe.

Hatua ya tano: weka kizuizi cha kweli

Kifuniko kizuri cha rejeta ni sanduku la mbao au la bati lenye matundu mbele, lililo wazi chini hewa ya baridi iingie, na lenye njia juu ya kutolea hewa ya moto. Angalia mambo haya kabla ya kulipa:

- Kimefungwa ukutani kwa skrubu. Kinachoegemezwa tu kitamwangukia mtoto siku atakapojivuta nacho asimame.
- Kinafunika na juu pia, kwa sababu mkono wa mtoto aliyesimama hufika hapo kwanza.
- Matundu yake hayapitishi kidole cha mtoto kikafika kwenye chuma.
- Kati ya kifuniko na rejeta pana nafasi ya sentimita tano hivi.
- Vali inafikika bila kubomoa kitu.

Baada ya kukifunga, acha rejeta ifanye kazi saa moja na upime kifuniko chenyewe. Kama nacho kinaunguza, nafasi haitoshi au hewa haipiti. Kwenye rejeta za maji, kishikio chenye namba kikizibwa ndani ya kifuniko hukutana na hewa ya moto na kujifunga mapema, chumba kikabaki baridi, kiache nje.

Huna fedha za kifuniko mwezi huu? Tumia uzio wa chuma wa kuzuilia watoto wasifike kwenye meko, ule unaofungwa ukutani pande zote mbili. Au panua kizizi cha kuchezea mtoto kiizunguke rejeta, mtoto abaki nje na rejeta ndani. Blanketi, mto, boksi la karatasi au godoro lililosimamishwa si kizuizi. Huanguka, huvutwa, na kwa hita ya umeme huweza kuwaka.

Mabomba ndiyo yanayosahaulika kabisa. Kwenye majengo ya mvuke kuna bomba la kusimama linalotoka sakafuni hadi darini, mara nyingi kwenye kona ya chumba cha kulala au ya bafu, limepakwa rangi ya ukuta hata halionekani. Lina joto sawa na rejeta na halina vali ya kulizima. Litafutie kifuko cha kuzuia joto kilichotengenezwa kwa mabomba ya mvuke. Vile vya sponji vinavyouzwa kwa mabomba ya maji huyeyuka. Ukikuta bomba la zamani limezungushiwa kitu cheupe au cha kijivu kinachomeguka, usikiguse wala usikibandue. Huenda ni asbestosi, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Vivyo hivyo usikwangue rangi ya rejeta kwenye nyumba ya Marekani iliyojengwa kabla ya 1978, maana huenda ina madini ya risasi.

Hatua ya sita: chunguza mvuke unaovuja

Desemba 2016, huko Bronx, watoto wawili wadogo walifariki kwa kuunguzwa na mvuke uliotoka kwenye rejeta ya chumba walimolala. Januari 2024 mtoto mwingine, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alifariki Brooklyn kwa sababu kama hiyo. Kwa hiyo rejeta ya mvuke haitazamwi uso wake tu.

Dalili ambazo hazivumiliki ni hizi: kipumulio kinatoa mvuke bila kunyamaza, au kinatema maji, vali inacheza ukiitikisa, kuna kutu na unyevu kwenye maungio, ukuta wa karibu unalowa. Ukiona mojawapo, watoto wasilale chumba hicho usiku huo. Piga picha na video, mwite msimamizi wa jengo, na usijaribu kukaza kitu chochote rejeta ikiwa na moto. Kuna wanaofungua kipumulio ili joto lije haraka. Wakifanya hivyo wanafungulia mvuke wa nyuzi 100 uingie chumbani.

Mvuke ukifumuka na kujaza chumba, toa watu wote, funga mlango, piga 911. Usirudi kufunga vali.

Hatua ya saba: dai haki yako kwa mwenye nyumba

Wapangaji wengi, hasa wageni, huogopa kulalamika wakidhani watafukuzwa. Rejeta na mabomba ya jengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Andika ujumbe, usiishie kwenye maneno ya mdomo: namba ya nyumba yako, tarehe, umri wa watoto, joto ulilopima, picha, na unachoomba kifanyike (kurekebisha vali, kuweka kifuniko, kufunika bomba). Tunza nakala.

Asipojibu, New York piga 311 na uombe mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo haina malipo. England, halmashauri ya eneo lako ina maofisa wanaokagua nyumba za kupanga, na utaratibu wao wa kutathmini hatari za nyumba unataja nyuso za moto kuwa hatari, hasa kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Anza ombi lako kwa kuutaja umri wa mtoto.

Wazee na wagonjwa

Bibi au babu aliyekuja kukaa nanyi atataka kiti kando ya rejeta, na nani atamlaumu? Lakini kisukari huua hisia za miguu. Anayenyoosha nyayo kwenye rejeta ili zipate joto anaweza kuungua hadi nyama bila kusikia maumivu. Mpe soksi nzito na blanketi, kiti kiwe mita moja kutoka rejeta, na miguu yake itazamwe kila jioni. Mwenye kifafa, au anayetumia dawa zinazoleta usingizi, asiwe na kitanda wala kiti mahali ambapo akianguka ataangukia rejeta au bomba. Bafuni angalia hasa, kwa kuwa sakafu huteleza na nafasi ni finyu.

Mtu akishaungua

Mwondoe kwenye joto, kisha moja kwa moja kwenye bomba. Maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20 kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika 20 na mtoto anayelia ni ndefu sana na kila mtu hutaka kuacha mapema. Usikate tamaa hata kama dakika kadhaa zimeshapita. Maji bado husaidia ndani ya saa tatu za mwanzo. Vua nguo, bangili na pete zilizo karibu na jeraha, ila usibandue kilichoganda kwenye ngozi. Sehemu nyingine za mwili mfunike apate joto.

Usipake dawa ya meno, asali, siagi, mafuta, unga wala yai. Najua nyumba nyingi zina dawa yao iliyorithiwa, na anayeipaka hufanya kwa upendo. Lakini vitu hivyo hushikilia joto ndani, huweza kuingiza vijidudu, na daktari atalazimika kuvisugua kwenye kidonda kibichi ili akione. Barafu nayo isitumike, kwani huumiza ngozi zaidi. Baada ya maji, funika kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula, ukiilaza juu ya jeraha bila kuizungusha na kubana. Malengelenge yaache bila kutumbua.

Mpeleke hospitali bila kusubiri kama aliyeungua ni mtoto mdogo, kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au kama liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Ngozi iliyogeuka nyeupe na haiumi ni mbaya zaidi kuliko ile nyekundu inayouma. Namba za dharura ni 911 Marekani na Kanada, 999 Uingereza, 112 nchi za Umoja wa Ulaya.

Hospitalini wataulizia kwa undani mtoto aliunguaje, pengine zaidi ya mara moja na watu tofauti. Huo ni utaratibu wao kwa kila mtoto aliyeungua, usikimbie. Eleza ilivyotokea, onyesha picha ya rejeta, na uombe mkalimani rasmi badala ya kumtumia mtoto wako mkubwa kutafsiri.

Kiganja cha mtoto kilichoungua kwa rejeta kikifunga, kazi bado haijaisha. Kovu hukaza kadiri linavyokomaa na huweza kuvikunja vidole, na mkono ukiendelea kukua kovu halikui nao. Ukipewa tarehe ya kurudi kliniki, rudi hata kama kidonda kimekauka na mtoto anacheza. Na ukionyeshwa namna ya kumnyoosha vidole au kumvalisha kifaa cha kushikilia mkono usiku, fanya kila siku kama ulivyoelekezwa, hadi wao wenyewe waseme inatosha.